Nguzo Iliyohama

Karatasi ilipita chini ya nguzo. Ilikuwa karatasi ya kawaida ya daftari, niliyoichana mwenyewe, na nguzo ilikuwa ile ya kushoto ya baraza ya mama yangu, karibu na Masara, yenye kazi ya kubeba slabu, yaani paa la zege, na tangi la maji. Nguzo iliyobeba mzigo haipitishi karatasi. Niliisukuma ikaingia hadi nusu, nikaivuta, nikaisukuma tena upande wa pili. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria mkononi. Akaniuliza kama ni vibaya. Nikamwambia anipe dakika moja niangalie vizuri, na hapakuwa na kitu cha kuangalia tena. Jibu nilikuwa nalo tangu karatasi ilipoingia mara ya kwanza.

Mimi huchora nyumba. Nina chumba kimoja Kosele, upande wa Homa Bay, chenye meza kubwa na dirisha linalotazama soko, na watu huniletea viwanja vyao na ndoto zao, nami nawaambia ni ipi itasimama. Nilisomea uhandisi wa majengo. Wanaonijua watakuambia nina hasira za karibu, na hawanisingizii. Hukasirishwa na mambo madogo: pete za vyuma zilizoachana mno ndani ya nguzo, mchanga wenye udongo, fundi anayekuangalia machoni na kusema "itashika tu." Kwa neno hilo nimewahi kumkemea mzee wa rika la baba yangu mbele ya vibarua wake. Ndiyo maana jambo hili linanichoma. Katika nyumba ya mama yangu, aliyelisema nilikuwa mimi.

Baba alipofariki aliacha nyumba ya mawe yaliyopangwa kwa udongo, aliyoijenga kwa mikono yake, na mabati yaliyokwisha kuota kutu. Kwetu Wajaluo, mjane asiyerithiwa na ndugu wa mumewe hajengewi nyumba mpya katika boma la marehemu. Mama ni Msabato. Alikataa kurithiwa, kwa sababu ya kanisa na kwa sababu yake mwenyewe, na alikataa mara moja tu bila kueleza. Basi akabaki na nyumba ya zamani. Mvua ikinyesha alihamisha mabeseni kutoka tundu hadi tundu, na mchwa walikuwa wameshafika kwenye kenchi.

Iko njia ambayo watu wa kwetu wameizoea. Ukuta mmoja wa nyumba ya zamani huachwa umesimama, na mengine yote hujengwa upya kuuzunguka. Maadamu ukuta huo upo, hiyo si nyumba mpya, ni ukarabati, na hakuna mwenye la kusema. Nimeingia katika nyumba za vigae, sebule zenye viti vya ngozi, nikaonyeshwa kipande cha ukuta wa udongo kilichopigwa plasta na kupakwa rangi kama kuta nyingine. Baba mdogo, ndugu anayemfuata baba, ndiye aliyetupendekezea njia hiyo. Alikuja na fimbo yake, akaizunguka nyumba mara mbili, akachagua ukuta wa mbele wa chumba cha kulala. Akasema huo usibomolewe, na msingi wake usichimbwe. Msingi wenyewe ulitokeza nje ya ukuta hatua moja hivi, ukawa ndio ukingo wa baraza ya zamani.

Mama aliomba kitu kimoja tu, maji. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na kisima kilikuwa mbali. Nikamchorea baraza yenye slabu ya konkriti juu, nguzo tatu mbele, na tangi juu ya slabu, maji yashuke yenyewe hadi jikoni na bafuni. Nilijivunia mchoro ule. Nguzo mbili nilizichimbia misingi mipya hadi kwenye mwamba. Ya tatu, ile ya kushoto, ingekaa juu ya msingi wa baba, kwa kuwa pale tusingeweza kuchimba.

Fundi wetu alikuwa Mkuria wa upande wa mpakani, mtu mkimya, kwa hiyo akiwepo sote tulizungumza Kiswahili. Siku ya kuisimamisha nguzo ya tatu aliniita kando.

"Injinia, hii kolamu tutaifunga na nini? Zile mbili ziko na vyuma imetoka chini kabisa. Hii imekaa tu hapo juu ya mawe."

"Wewe unaonaje?"

"Nitoboe hii msingi ya mzee shimo nne, niingize vyuma, nimwage simiti. Itashikana."

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa amekaa juu ya rundo la mawe ng'ambo ya uwanja, kidevu kwenye fimbo, akitukagua. Nilikuwa nimemchoka. Kwa wiki tatu alikuja kila asubuhi na sharti jipya: mlango utazame wapi, jiwe la kwanza aliweke nani, mwanamke gani asipite wapi. Nilikuwa nikimjibu "ndiyo, baba" huku moyoni nikimtukana. Wazo la kumwendea tena, kumweleza maana ya drili na vyuma vinne, lilinichosha kabla sijapiga hatua.

"Wacha," nikamwambia fundi. "Wazee hawatakubali. Slabu iko na uzito, tangi liko na uzito. Itashika tu."

Fundi aliiangalia nguzo, akaniangalia mimi. "Sawa. Wewe ndio umesoma."

Nilikuwa nimesoma kweli, na somo lenyewe nalikumbuka. Ardhi ikitetemeka hulitikisa jengo pande zote, kando kwa kando na pia juu kwa chini. Mtikisiko wa kando ndio tuliopigia hesabu usiku na mchana chuoni, kwa maana nyumba haikuumbwa kusukumwa ubavuni. Ule wa juu na chini tulifundishwa kuuchukua kuwa theluthi mbili ya mwenzake, kisha kwa nyumba za kawaida tuuache kabisa. Sababu yake ilikuwa ya kueleweka. Jengo limezoea kubeba uzito wake tangu siku lilipomwagwa, na tumelipa nguvu ya ziada upande huo. Ukiliongezea mzigo kwa nusu sekunde halilalamiki. Hatukukaa sana kwenye upande wa pili wa jambo hilo, kwamba ardhi inayokuongezea uzito ni lazima pia ikupunguzie. Kitu kilichofungwa kwa vyuma hupunguziwa uzito kikatulia. Kitu kilichoshikwa na uzito wake peke yake, wakati huo hakijashikwa na chochote.

Mama aliishi chini ya baraza ile kwa raha mwaka mmoja na zaidi. Kila nikimtembelea alifungua mfereji wa jikoni nione maji yanavyotoka, utadhani sikuwa mimi niliyeyaleta.

Tetemeko lilikuja Jumanne mchana. Nilikuwa mezani Kosele. Chai iliyumba kikombeni, rula iliyotundikwa ukutani ikabembea, mwanamke wa duka la jirani akasema anahisi kizunguzungu, na yakaisha. Nilimpigia mama kwa mazoea tu. Nikamkuta anacheka.

"Baruti ya leo imenirusha na kiti," akasema.

Kwao baruti si habari. Wachimbaji wa dhahabu wameshafikisha mashimo yao karibu na mashamba ya watu, na karibu kila siku alasiri hulipua, sahani zikalia rafuni na watu wakaendelea na mambo yao. Siku ile hakuna aliyekimbia. Kijiji kizima kilibaki chini ya mapaa kikilaumu wachimbaji.

"Ilikuyumbisha kando?"

"Kando wapi, wuoda." Hivyo ndivyo aniitavyo, yaani mwanangu. "Juu. Kiti kiliniinua kikanitua. Vikombe viliruka vikarudi palepale."

Sikucheka naye. Mtikisiko wa juu na chini huchoka haraka njiani. Aliye mbali na chanzo huyumbishwa tu, aliye karibu hupigwa kutoka chini. Chanzo kilikuwa wapi hasa siwezi kusema, lakini sisi Kosele tuliyumba na wao walirushwa, na nguzo ya tatu ilikuwa kwao. Nilimwambia asikae barazani hadi nifike. Akaniambia dengu zake ziko barazani zinakauka.

Nilifika kesho yake asubuhi. Fundi alipopaka rangi nguzo zile, rangi ilichuruzika na kuacha duara kwenye msingi. Duara lilikuwepo bado, na nguzo haikuwa ndani yake. Ilikuwa imehama upana wa kidole gumba kuelekea nje. Haikuwa na ufa hata mmoja. Wakati ardhi iliposhuka ghafla chini yake, uzito niliouamini ulitoweka kwa kitambo, msukumo mdogo wa kando ukaikuta nyepesi ukaisogeza, kisha uzito wote ukarudi kwa kishindo na kuponda ukingo wa msingi wa baba. Mawe ya pale yalikuwa yamekuwa unga. Sasa slabu haikuwa imekaa juu ya nguzo. Nguzo ndiyo iliyokuwa ikining'inia kutoka kwenye slabu, na karatasi yangu ikapita.

Mama alitaka kuelewa. Hapendi kuambiwa kwamba jambo ni la wasomi. Nilijaribu kwa maneno nikashindwa, kisha nikaona ungo wake na dengu. Nikauchukua, nikauyumbisha kando kwa kando polepole. Dengu zilisukumana kidogo zikatulia. Kisha nikaurusha juu na chini, kwa mikono isiyojua kazi hiyo. Zikaruka zote, zikarudi, na chache zikaangukia nje.

Mama ameshika ungo tangu utotoni, kwa hiyo hakuhitaji maneno mengine.

"Zikiwa juu, ungo hauzishiki," akasema.

"Haushiki."

"Na nyumba yangu ulinijengea hivyo."

Nilisema ndiyo. Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza kwamba tulizuiwa kuchimba msingi wa zamani. Alitikisa kichwa, akainama kuokota dengu zilizomwagika. Niliona alivyoshika goti kwanza kabla ya kuinama.

Tulilifungulia tangi lote likamwagika uwanjani. Nikaegemeza slabu kwa magogo, nikamwita fundi, nikamwita baba mdogo. Fundi alifika, akapiga magoti, akaiangalia nguzo, akaigusa rangi ya lile duara. Afadhali angenitukana.

Baba mdogo alisimama juu yake akiegemea fimbo. Alikuwa amezeeka mwaka ule. Alilitazama duara, akaitazama slabu, akamtazama mama aliyekaa mbali kwenye kivuli cha jiko, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Hii ni sisi wazee," akasema. "Mama yenu angekufa hapa juu ya hii mambo yetu ya zamani."

Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi ndefu ya kusema. Nilitazama chini nikamwacha aubebe mzigo ule, na nilihisi nafuu, na naiandika nafuu hiyo hapa kwa sababu naionea haya kuliko nguzo yenyewe.

Fundi ndiye aliyesema, na hata hakusimama. "Mzee, mimi nilitaka kutoboa hii msingi niweke vyuma. Injinia akaniambia wewe utakataa."

"Kutoboa?"

"Shimo nne tu. Ndogo."

Baba mdogo alinigeukia. Sikuona hasira usoni mwake, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. "Mimi nilisema msingi isichimbwe, isitolewe. Shimo ya chuma nani alikataza? Si baba yako mwenyewe alitoboa?"

Akanyoosha fimbo. Hatua mbili kutoka kwenye nguzo, kwenye ukingo uleule, palikuwa na pete ya chuma yenye kutu iliyopandwa ndani ya jiwe. Baba alikuwa akiifungia baiskeli yake pale kwa mnyororo, kila jioni, miaka yote ya utoto wangu. Nimejikwaa kwenye pete ile mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Nilikuwa nimepima umbali wa nguzo kuanzia pale.

"Ungeniuliza," akasema baba mdogo. "Mimi nilikuwa nimekaa hapo."

Mama alikuwa amesikia. Alinyanyuka, akaja taratibu, akasimama karibu nasi, na alichosema alikisema kwa Kiswahili ili fundi asikie pia.

"Toeni hiyo kitu. Sitaki tena kitu nzito juu yangu."

Nilimweleza kwamba twaweza kuirekebisha, nichimbe msingi mpya hatua moja mbele, nifunge kila kitu toka chini hadi juu. Nilisema haraka haraka, kama muuzaji. Aliniacha nimalize, akarudia kwamba itolewe. Kwa siku tatu fundi na vibarua waliivunja slabu kwa nyundo. Nguzo ya tatu haikuhitaji nyundo. Vyuma vya slabu vilipokatwa, watu wawili waliikumbatia wakailaza, na chini yake palikuwa safi, hapana chuma, hapana simiti iliyoshikana, jiwe tu na vumbi. Tukaweka paa la mabati juu ya baraza. Tangi likashushwa chini, nyuma ya nyumba. Mfereji wake uko karibu na ardhi sasa, na mama huinama kukinga maji kwenye ndoo, kisha huibeba kwa mikono miwili hadi jikoni.

Siku hizi sichori nguzo bila kuifunga chini. Kibaraza kinachoning'inia bila nguzo nakiwekea vyuma vya juu, kwa ajili ya uzito wake, na vya chini pia, kwa siku ardhi itakapokirusha. Wateja wananiuliza kwa nini chuma zaidi na nawajibu kwa ukali wasioustahili.

Lakini sijasema la mwisho. Siku tulipomaliza, fundi akiwa anaosha vyombo vyake, mama alikuja akaweka kiganja kwenye ukuta ulioachwa, ule wa baba.

"Na huu?" akauliza kwa Dholuo. "Huu umefungwa na nini?"

Safari hii nilimwambia ukweli. Nilimwambia ni mawe juu ya udongo, na udongo wa zamani haushiki kitu. Kila jiwe limetulia kwa sababu ya uzito wa mawe yaliyo juu yake. Alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa jina la mgonjwa anayemjua. Nilimwendea baba mdogo palepale, alipokuwa amekaa uwanjani. Nilimuuliza kwa heshima, jinsi nilivyopaswa kumuuliza siku ile nyingine, kama tunaweza kuuondoa tukajenga mwingine. Akasema hapo hawezi. Ukuta ukianguka wenyewe ni jambo lingine, lakini mkono wa mtu kuuangusha, basi nyumba hiyo ni mpya, na mama hana pa kukaa bomani. Naamini alitamani kunijibu vingine.

Kitanda cha mama kilikuwa kimeegemea ukuta huo. Hayo nayajua kwa kuambiwa, maana mwana wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima haingii chumba cha kulala cha mama yake, na nyufa za ndani ya chumba kile sijawahi kuziona. Nilimwomba akisogeze hadi upande wa pili, penye ukuta mpya. Nikamwambia tumwite jirani amsaidie kuvuta.

"Kwani nimekuwa mgonjwa?" akasema.

Alisimama kidogo, mkono ungali ukutani. Akaniambia upande ule ndio aliokuwa akilala baba. Kisha akasema haya, atakisogeza, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kitanda chenyewe ni cha mbao nzito, na miguu yake hukwaruza simiti kwa mlio ambao nyumba nzima huusikia. Nilipokuwa mtoto, mlio huo ndio ulionijulisha asubuhi ya Ijumaa kwamba mama amekivuta afagie chini yake kwa ajili ya Sabato. Nilisimama barazani karibu na pete ya baiskeli, nikatega sikio. Nilisikia fundi akikung'uta karai. Nilisikia kuku. Nilingoja hadi mlango ulipofunguliwa, na mlio ule sikuusikia.

Mama alitoka akifuta mikono kwenye leso yake.

"Nimekisogeza," akasema.

Nikamwambia ahsante.